Mpishi Aliyemo Kichwani: Jinsi Mwili Unavyolinda Maji ya Damu



Wanafunzi wa darasa langu la sayansi wameniuliza mara nyingi swali hili: "Mwalimu, kwa nini siku ya jua kali, baada ya kucheza mpira, mkojo huwa kidogo na wa manjano sana, lakini nikinywa maji vikombe vitatu asubuhi ya baridi nakwenda chooni kila mara?" Wengi hujijibu wenyewe kwamba maji yametoka kwa jasho, basi hayakubaki ya kutosha mkojo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Figo hazina macho. Ni nani anayeziambia kwamba leo mwenye mwili ametoka jasho?

Kwanza fahamuni kazi ya figo. Kila siku figo za mtu mzima huchuja lita 180 hivi za maji kutoka katika damu. Kama yote yangetoka nje, tungekufa kabla ya siku kwisha. Lakini karibu yote hurudishwa katika damu, na mkojo huwa lita moja au mbili tu. Kwa hiyo jambo kubwa si kuchuja, bali ni kujua kiasi cha kurudisha.

Sasa mfikirieni mpishi. Akitaka kujua kama mchuzi umekaa sawa, hapimi wingi wake katika sufuria. Huuonja. Ukikolea chumvi, huongeza maji. Mwili nao hufanya vivyo hivyo: kila siku hutazama zaidi jinsi damu ilivyokolea kuliko wingi wa maji tuliyokunywa.

Mwaka huu tulifanya jaribio moja katika maabara yetu. Mwanafunzi mmoja alikunywa lita moja ya maji matupu, na mwenzake akanywa lita moja ya maji yaliyotiwa gramu 9 za chumvi, yaani maji yaliyokolea karibu sawa na damu. Saa moja haikupita, yule wa kwanza akaanza kutoka nje mara kwa mara, na mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji. Yule wa pili alikaa kimya kitini. Wote wawili walikunywa kiasi kile kile! Tofauti ni kwamba maji matupu yaliizimua damu, na maji ya chumvi hayakuizimua. (Asilijaribu mtu jambo hili bila mwalimu wake.)

Mtaalamu aliyelichunguza sana jambo hili ni E. B. Verney wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, naye alitangaza kazi yake mwaka 1947. Aliwapa mbwa maji mengi mpaka mkojo wao ukawa mwingi. Kisha akatia maji ya chumvi kali kidogo katika mshipa wa shingo unaopeleka damu kichwani. Mkojo ukapungua. Basi akajua kwamba mwonjaji wa damu yumo kichwani, wala si katika figo.

Mwonjaji huyo ni seli fulani zilizo chini ya ubongo, mahali paitwapo haipothalamasi. Damu ikikolea, maji hutoka katika seli hizo kwa njia ya osmosisi, nazo husinyaa. Kusinyaa huko ndiko kunakoamsha habari katika mishipa ya fahamu, na habari hiyo hufika nyuma ya tezi ya pituitari, ambako homoni iitwayo vasopresini imewekwa tayari. Homoni huachiliwa, huchukuliwa na damu mpaka katika figo, na huko hufungua vijia vidogo vya maji katika kuta za mifereji ya mkojo. Maji hurudi katika damu, na mkojo huwa kidogo na mzito. Damu ikizimuliwa, seli hujaa, homoni hupungua, vijia huondolewa, na maji ya ziada hutoka nje. Damu ikikolea kwa sehemu 1 tu katika 100, mwonjaji hutambua. Kuna mpishi gani mwenye ulimi kama huo?

Lakini msidhani kwamba homoni hii huumba maji. Huyatunza tu yaliyopo. Hata ikiwa nyingi, figo lazima zitoe mkojo kidogo ili kuondoa taka. Kwa sababu hiyo mwili hutuletea kiu pia, ili tuongeze maji mapya.

Hapo ndipo ninapotaka wanamichezo wetu, na wale wa zamani ambao sasa wanafundisha timu, wanisikilize vizuri. Wako wanaowanyima wakimbiaji maji ili wawe wagumu. Hilo ni kosa, maana hakuna mazoezi yanayoifundisha damu kuishi bila maji. Wako tena wanaowalazimisha kunywa kupita kiasi. Hilo nalo ni hatari. Katika mbio ndefu vasopresini huweza kuendelea kutoka hata kama damu haikukolea, na maji yaliyonywewa hubaki mwilini. Katika mbio za Boston, Marekani, mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na 13 katika kila 100 walionekana wana upungufu wa sodiamu. Upungufu huo ukizidi, ubongo huvimba na mtu huweza kufa. Basi mkimbiaji apewe maji karibu naye, anywe anaposikia kiu, wala asinyimwe wala asilazimishwe.

Namaliza kwa maswali mawili ya kujipima:

1. Baharia aliyepotea akinywa maji ya bahari, kwa nini kiu yake huzidi?

2. Mtu ambaye pituitari yake haitoi vasopresini, mkojo wake utakuwaje, na ni kitu gani kitakachomwokoa?

Atakayeyajibu bila kufungua kitabu amelielewa somo.