Pima Joto la Fayawoli Kabla Mtandao Haujakatika

Ofisi nyingi za Ukambani zinaijua hali hii. Asubuhi mtandao uko sawa. Ikifika saa nane mchana kurasa zinaanza kusuasua, na saa tisa kila kitu kinasimama. Mtu anazima kifaa na kukiwasha tena, mambo yanatengemaa kwa muda, kisha yanaharibika vilevile. Jua likishazama, mtandao unarudi wenyewe. Lawama zote huiangukia kampuni inayouza intaneti, na pengine ndiyo yenye makosa. Lakini hitilafu inayofuata mwendo wa jua itafutwe kwanza ndani ya kabati la vifaa, na hasa kwenye fayawoli.

Fayawoli ni kifaa kinachokaa kati ya laini ya intaneti na mtandao wa ndani wa ofisi, kikikagua kila kinachoingia na kutoka. Ukaguzi huo hufanywa na prosesa, na prosesa ikifanya kazi hutoa joto. Joto likizidi, prosesa nyingi hujipunguzia kasi ili zisiungue. Likizidi zaidi, hujizima. Ndiyo maana dalili ya kwanza huwa ni mtandao mzito, wala si mtandao uliokatika.

Hasara yake si ndogo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, zahanati ya kijijini nayo inategemea mfumo wa mtandaoni ili kumhudumia mgonjwa aliyesajiliwa. Hatari kubwa zaidi huja watu wakichoka kungoja. Mmoja huchomoa waya wa intaneti kwenye fayawoli na kuuchomeka moja kwa moja kwenye swichi au rauta nyingine. Mtandao unarudi, kila mtu anashukuru, na rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa sacco zinabaki wazi bila mlinzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu aweke kinga zinazofaa, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Joto la kabati linaweza kukufikisha huko.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuna joto la chumba, yaani la hewa ambayo kifaa kinaivuta. Kuna joto la ndani ya kasha. Na kuna joto la prosesa yenyewe. Kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi za kifaa, ambacho kwa fayawoli nyingi ndogo za mezani ni kuanzia nyuzijoto 0 hadi 40, kinahusu hewa ya chumba. Hakihusu prosesa. Mtu anayeona prosesa ikisoma 62 na kuogopa kwa sababu kikomo ni 40 anaogopa bure. Naye anayeona 62 na kutulia kwa sababu prosesa huvumilia hadi 100 na zaidi anaweza kuwa ametulia bure pia, kwani vipuri vingine kwenye ubao huo havina uvumilivu huo. Prosesa ya Intel Celeron J4125, inayopatikana kwenye visanduku vidogo vingi ambavyo watu huviwekea programu za fayawoli za pfSense au OPNsense, ina kikomo cha nyuzijoto 105. Lakini kapasita zilizo kando yake huzeeka haraka: kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzijoto 10 hupunguza umri wa kapasita kwa karibu nusu. Kifaa kinaweza kukosa kuzimika hata siku moja, na bado kikafa miaka kadhaa kabla ya wakati wake.

Kaunti za Kitui na Makueni zina mambo yake. Miezi ya joto kali ni Februari na Machi, kisha Septemba na Oktoba kabla mvua za vuli hazijaanza. Mchana wa miezi hiyo hewa ya kivulini hupita nyuzijoto 30 katika sehemu nyingi, na nyanda za chini kama Ikutha, Kibwezi na Mtito Andei huwa na joto kuliko vilima vya Mbooni na Kilungu. Mbooni na Mtito Andei ziko katika kaunti moja ya Makueni, lakini kifaa kilichotulia Mbooni kinaweza kuteseka Mtito Andei. Ongeza paa la mabati lisilo na siling, dirisha linalotazama magharibi, na kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli ambamo fayawoli inabanana na swichi na UPS. Chumba kikiwa na nyuzijoto 33, hewa ndani ya kabati la namna hiyo hupita 40 bila shida. Halafu kuna vumbi. Udongo mwekundu wa kando ya barabara zisizo na lami ni laini mno, hupenya kila tundu na kujikusanya kwenye feni na kwenye vyuma vya kupoza prosesa. Kiangazi kinapoisha, kifaa huwa kimevaa koti.

Katika kaunti hiyohiyo ya Makueni, pale Malili, mji wa teknolojia wa Konza una kituo cha kitaifa cha data kilichojengwa kwa kazi hiyo, chenye mitambo ya kupoza hewa. Mapendekezo yanayofuatwa na vituo vya aina hiyo duniani, yaliyowekwa na chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani, ni kwamba hewa inayoingia kwenye vifaa iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27. Shule ya upili ya Kyuso haitafikia hapo mchana wa Machi, wala si lazima ifikie. Inachohitaji ni kujua iko wapi. Na fedha nyingi pekee hazitoshi: tarehe 19 Julai 2022, London ilipopata joto la nyuzijoto 40, vituo vya data vya hospitali za Guy's na St Thomas' vilizimika kwa sababu mitambo ya kupoza ililemewa, na madaktari wakarudi kuandika kwenye karatasi.

Kusoma joto la fayawoli si kazi ngumu. Kwenye pfSense, ingia System, kisha Advanced, kisha Miscellaneous, uchague kihisi kinacholingana na prosesa yako, Intel au AMD. Rudi kwenye dashibodi uongeze kidirisha cha Thermal Sensors. OPNsense nayo ina kidirisha kama hicho. Kwenye FortiGate yenye vihisi, andika amri "execute sensor list". Miundo midogo mingine haina. Kwenye MikroTik ni "/system health print", na kwenye Cisco ASA ni "show environment". Ikiwa fayawoli yako ni programu inayoendeshwa ndani ya sava pamoja na mifumo mingine, namba utakayoiona ndani yake haina maana au haitakuwepo kabisa. Soma joto la sava yenyewe.

Kifaa kisicho na kihisi hakijakuacha bila njia. Nunua kipimajoto cha kawaida cha dijitali, ukiweke ndani ya kabati mbele ya upande ambao fayawoli inavutia hewa. Hata walio na kihisi wanunue, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo bila joto la chumba haiwezekani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote.

Hesabu yenyewe ni tofauti kati ya joto la prosesa na joto la hewa inayoingia. Tuseme chumba kina 29 na prosesa inasoma 57. Tofauti ni 28. Andika. Miezi miwili baadaye chumba kina 36 na prosesa inasoma 64. Namba imepanda na inatisha, lakini tofauti bado ni 28: kifaa ni kizima, chumba ndicho kinachohitaji dawa. Sasa tuseme siku nyingine ya Julai, chumba kina 24 na prosesa inasoma 62. Ni chini ya ile 64, na anayetazama namba moja tu ataona mambo ni mazuri. Tofauti, hata hivyo, imefika 38. Pengine feni imesimama au vumbi limeziba, na huenda kifaa hicho kisimalize Oktoba. Joto la chumba hubadilika na majira, ila tofauti haifai kubadilika sana ikiwa kazi ni ileile. Vihisi vya prosesa havina usahihi mkubwa kwenye joto la chini, kwa hiyo usihangaike na nyuzijoto mbili au tatu. Hangaika mabadiliko ya tofauti hiyo yanapopita 8 au 10.

Nimesema kazi iwe ileile kwa sababu wanafunzi 200 wakiingia mtandaoni kwa pamoja, au nakala za data zikipelekwa makao makuu, prosesa itapanda tu. Linganisha saa kwa saa: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Daftari la mistari lililotundikwa kwenye mlango wa kabati linatosha kuanzia. Ila angalia saa ya kifaa. Vifaa vingi huja vikiwa kwenye saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo joto la saa nane mchana litaandikwa 11:00 na utadhani shida hutokea kabla ya chakula cha mchana. Weka ukanda wa Africa/Nairobi kabla ya kuamini grafu yoyote.

Ofisi yenye matawi kadhaa, tuseme sacco yenye ofisi Wote, Emali na Makindu, haiwezi kutegemea daftari. Zabbix na LibreNMS ni programu za bure zinazosoma vihisi kwa njia ya SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, kila dakika chache na kuchora grafu. Weka viwango vya tahadhari kutokana na vipimo vyako mwenyewe: chukua kipimo cha juu cha kawaida cha mwezi wa joto, uongeze nyuzijoto 5 kwa onyo la kwanza na 10 kwa onyo kali, mradi usivuke kikomo cha mtengenezaji. Ukiweka chini mno, ujumbe utakuja kila alasiri na baada ya wiki hakuna atakayeufungua. Onyo lisipitie njia moja tu, yaani fayawoli ileile inayokaribia kuzimika. SMS kupitia modemu ya laini ya simu ni salama zaidi. Tumia toleo la tatu la SNMP lenye nywila na usimbaji, na mlango huo usifunguliwe kamwe upande wa intaneti. Neno "public" linaloachwa kama nywila kwenye matoleo ya zamani linajulikana na kila mvamizi duniani.

Stima ikipotea, mambo hugeuka. Kiyoyozi au feni ya ukutani huzimika papo hapo, lakini fayawoli huendelea kwa UPS au betri ya sola, ikitoa joto lilelile katika chumba kisichopozwa. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, na haikuwa mara ya mwisho mwaka huo. Fanya jaribio: mchana wa joto, ukiwa mwenyewe hapo, zima kiyoyozi na uandike joto la kabati kila baada ya dakika 10. Utajua una muda gani kabla ya kufika 40. Kama betri inaweza kukaa saa nne na joto linafika 40 baada ya saa moja na nusu, mipango yako ya dharura iwe ya saa moja na nusu. Betri za asidi na risasi zenyewe hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzijoto 10 zaidi ya 25, kwa hiyo UPS ikitolewa ndani ya kabati na kuwekwa sakafuni kando, vyote viwili vinapumua.

Tiba nyingine ni za gharama ndogo. Siling chini ya mabati, pazia kwenye dirisha la magharibi, feni ya kutoa hewa moto juu ya kabati na kichujio cha vumbi chini yake. Acha nafasi ya angalau kiganja kimoja pande zote zenye matundu. Usafishaji ufanywe kifaa kikiwa kimezimwa kwa utaratibu na kuchomolewa, baada ya kuhifadhi nakala ya mipangilio mahali pengine. Tumia kopo la hewa na brashi laini, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani huzalisha umeme tuli unaoweza kuua ubao. Kuacha kifuniko cha fayawoli wazi ni kosa la kawaida sana: hewa huacha kupita juu ya prosesa ilivyokusudiwa, na mijusi na wadudu hupata makao. Kitambaa chenye maji juu ya kifaa kisiwekwe kamwe.

Joto likipita onyo kali, usichomoe waya wa umeme kwa ghafla. Punguza mzigo kwanza, fungua mlango wa kabati, elekeza feni, na likiendelea kupanda zima kwa amri ya kifaa. Ofisi itafanya kazi kwa karatasi kwa saa mbili. Hilo ni afadhali kuliko kuiruka fayawoli.

Kwa wanaokaa kwenye kamati za ununuzi: katika tenda ijayo andikeni waziwazi kiwango cha joto la mazingira, na kwamba kifaa kiwe na kihisi kinachosomeka kwa SNMP. Kwa Ikutha, Kibwezi na Mtito Andei, ombeni kifaa kinachokubali nyuzijoto 50 au zaidi. Vipo, vikiwemo visivyo na feni kabisa. Muuzaji asiyeweza kuonyesha namba hiyo kwenye karatasi za mtengenezaji asipewe kazi.