Mwalimu wa kujitolea kutoka nje: tumwite?

SWALI: Shule yetu ya sekondari hapa Tlawi, Mbulu, inakosa walimu wa fizikia na hisabati. Je, tutafute wa kujitolea kutoka nje?

JIBU: Tafuteni, ila fani na muda mtaje nyinyi. Kundi la kwanza la Peace Corps (watu wa kujitolea kutoka Marekani) kuletwa Tanganyika, mwaka wa uhuru, 1961, lilikuwa la wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi, kwa kuwa nchi ilihitaji barabara; moyo mwema peke yake haukutosha. Jirani zenu wa Haydom wana hospitali iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na leo ni ya KKKT Dayosisi ya Mbulu: kazi ya wageni ilidumu kwa sababu ilipata wenyewe. Mgeni wa wiki tatu (wapo, na kamera zao) hamalizi hata mada moja. Mtasema heri huyo kuliko darasa tupu. Lakini kila akiondoka, wanafunzi huanza upya. Wengine watadai anampokonya ajira mhitimu wetu aliyeko mtaani. Hoja hiyo ina uzito. Basi anzeni na mhitimu huyo, mpeni nyumba na posho, kisha mgeni aje kwa miaka miwili wafundishe pamoja. Akilikataa sharti hilo, msimpokee.