Dondoo muhimu: Gesi ya samadi mkoani Singida
Gesi ya samadi hutokana na bakteria wanaoozesha kinyesi cha mifugo ndani ya mtambo usioingiza hewa; zaidi ya nusu yake ni methani. Singida ina ng'ombe wengi, lakini maji ni ya kutafuta, na kila ndoo ya kinyesi kibichi huhitaji takriban ndoo moja ya maji. Mkojo wa ng'ombe hupunguza mahitaji hayo, kwa hiyo zizi lisakafiwe kwa saruji, mteremko uelekee mtamboni. Kinyesi kilichokaushwa na jua hutoa gesi kidogo. Maganda ya alizeti yasitiwe kabisa: huoza polepole mno, huelea na kufanya utando mgumu juu ya tope. Tope linalotoka ni mbolea bora ya mtama.