JUA LINAWAKA NAMNA GANI, NA NANI ALIPIMA MOTO WAKE?



Kila mmoja wetu aliyepita darasa la fizike ameandika ndani ya kaye yake maneno haya: Jua linaangaza kwa sababu hidrojeni yake inageuka kuwa heliumu. Tuliandika, tukapiga mstari chini, tukaendelea na somo lingine. Lakini hakuna mtu aliyeingia ndani ya Jua na chombo cha kupima mkononi. Basi watu wa sayansi wanajua hayo namna gani? Wanajua kweli, ao wanakisia tu? Sisi wa mwaka wa mwisho tumeona ni vema tujibu ulizo hili polepole, hatua kwa hatua, hata wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wafuate.

1. Moto usio wa makala

Kama Jua lingekuwa fungu la makala lenye uzito ule wote, lingekwisha kuzimika kwa miaka elfu chache tu. Na dunia yetu iko na miaka karibu miliari 4,5. Basi makala hayatoshi hata kidogo.

Mwaka 1920 Mwingereza Arthur Eddington alionyesha njia. Tufanye hesabu pamoja naye. Atomu moja ya hidrojeni iko na uzito wa 1,0078. Atomu ine zinafanya 4,0313. Lakini atomu moja ya heliumu, inayotoka katika zile ine, iko na 4,0026 tu. Panapungua 0,0287, ni kusema sehemu 7 hivi juu ya 1 000. Uzito ule haupotei bure. Unageuka kuwa nguvu, vile Einstein alifundisha. Kwa njia hiyo Jua linapoteza tani milioni 4 hivi kila sekunde, nasi tunapata mwangaza na joto.

Tusichanganye jambo hili na uraniumu, kama ile iliyochimbwa kule Shinkolobwe. Uraniumu inatoa nguvu kwa kupasua kiini kikubwa. Reakta ya Kinshasa, iliyowashwa mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika, ilifanya kazi hivyo. Jua linafanya kinyume: linaunganisha viini vidogo.

2. Kilima kati ya viini viwili

Viini vyote viko na umeme wa namna moja, na umeme wa namna moja unasukumana. Ili viungane, lazima vikaribiane sana. Katikati ya Jua kuna joto la digri milioni 15, na viini vinakimbia mbio sana, lakini kwa sheria za zamani mbio hizo hazitoshi. Ni sawa vile mtu anayesukuma kinga yenye mzigo mzito kwenye mpando: nguvu zinamwishia mbele ya kufika juu.

Mwaka 1928 George Gamow alieleza kwamba vitu vidogo kama viini havifuati sheria zile za kinga. Mara moja moja kiini kinapita ndani ya kilima na kutokea ng'ambo, bila kupanda mpaka juu. Mara moja moja tu! Katikati ya Jua, protoni moja inangoja miliari za miaka, kwa kadiri, mpaka iungane na mwenzake. Njo sababu Jua halipasuki kama bomu. Linaungua polepole, na sisi tunaishi.

Kiisha, katika miaka ya 1938 na 1939, Hans Bethe alieleza njia mbili za kufanya heliumu. Ya kwanza inaanza na protoni mbili, na ndiyo inayotumika zaidi katika Jua. Ya pili inapitia kaboni na azote, na ina nguvu katika nyota zenye joto kupita Jua. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1967.

3. Shida ya laboratwari

Kupima inaonekana rahisi. Tunachukua mashine ya kukimbiza viini, tunavipiga juu ya gazi fulani, na tunahesabu ni mara ngapi vimeungana. Tukivikimbiza kwa nguvu nyingi, viini vingi vinaungana na hesabu inajaa haraka. Lakini Jua halina nguvu ile. Tukipunguza mwendo mpaka ule wa Jua, karibu hakuna kitu kinachotokea.

Tena kuna kelele. Miali kutoka mbali angani inatunyeshea usiku na mchana, na mwali unaopiga chombo unaweza kuhesabiwa kama jibu. Jaribu kusikiliza tone moja la maji likianguka ndani ya ndoo wakati mvua kubwa inapiga mabati!

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, walipima kwenye nguvu kubwa, kiisha wakavuta mstari wa grafike mpaka chini, pale penye nguvu ya Jua. William Fowler wa Marekani na wenzake walifanya kazi kubwa kwa njia hiyo, na Fowler alipata Nobel mwaka 1983. Lakini sisi wote tunaovuta grafike tunajua hatari yake. Mstari wa nukta-nukta, ule unaopita alama ya mwisho, si kipimo. Pengine katika sehemu ile isiyopimwa kuna nundu iliyojificha.

4. Netrino zilizopungua

Hatari ile haikuwa mchezo. Viini vikiungana ndani ya Jua, vinatoa pia vitu vidogo sana vinavyoitwa netrino, vinavyopita katika dunia nzima karibu bila kuguswa. Raymond Davis alitia lita karibu 380 000 za dawa ya kusafisha nguo, yenye klori, ndani ya pipa kubwa chini ya mgodi wa zahabu wa Homestake, Marekani, ili anase chache. Kuanzia mwaka 1968 alitangaza kwamba anapata kidogo mno: theluthi moja hivi ya zile zilizohesabiwa.

Nani alikosa? Davis? Wenye hesabu ya Jua? Mwaka 1972 Fowler mwenyewe, na wengine kule Urusi, walisema: pengine iko nundu katika kuungana kwa viini viwili vya heliumu-3. Kama viini hivyo vinaungana kwa wepesi kuliko tunavyofikiri, njia ile inayotoa netrino alizonasa Davis itapungua, na hesabu itakuwa sawa. Maneno mazuri, lakini lazima kupima.

5. Chini ya mlima Gran Sasso

Katika Italia kuna mlima unaoitwa Gran Sasso, na njia ya motokari inapita ndani yake. Kando ya njia hiyo walichimba vyumba vikubwa vya laboratwari. Juu ya kichwa kuna mawe ya metre 1 400. Miali ya angani inayopenya mpaka pale imepungua mara milioni moja. Mvua ya mabati imenyamaza.

Kuanzia miaka ya 1990, kundi linaloitwa LUNA liliweka pale mashine ndogo ya volti elfu 50. Ni ndogo sana ukiilinganisha na mashine kubwa za Ulaya, lakini hawakutafuta nguvu, walitafuta utulivu. Walipiga heliumu-3 juu ya heliumu-3 na kuhesabu protoni mbili zinazotoka pamoja. Walishuka mpaka elektronivolti elfu 16 na 500, ndani kabisa ya nguvu ya Jua. Pale chini waliona matukio mawili kwa mwezi. Mawili! Mwaka 1999 walitangaza jibu: nundu haiko.

Basi Jua halikuwa na kosa upande ule. Katika mwaka 2001 na 2002, chombo cha Sudbury, Kanada, kilionyesha ukweli: netrino zinageuka namna njiani, na pipa la Davis lilinasa namna moja tu. Davis alihesabu sawa, na wenye hesabu ya Jua walikuwa sawa. Davis alipewa Nobel mwaka 2002.

6. Miaka ya nyota za kale

Kundi lile lilipima pia protoni ikiungana na azote, hatua ya polepole kupita zote katika njia ya pili ya Bethe. Mwaka 2004 walionyesha kwamba inakwenda nusu ya mwendo uliofikiriwa. Matokeo yake? Makundi ya nyota za kale sana yaliongezewa umri: miaka kati ya milioni 700 na miliari 1. Mwaka 2020, chombo kingine chini ya mlima uleule, Borexino, kilitangaza kunasa netrino za njia hiyo ya pili zikitoka katika Jua.

Kazi haijaisha. Hatua ya kwanza kabisa, protoni na protoni, haijapimwa bado kwa nguvu ya Jua katika laboratwari yoyote, kwa sababu ni ya polepole mno. Tunaijua kwa hesabu tu. China nayo imefungua laboratwari ya kazi hii Jinping, chini ya mawe ya metre 2 400.

7. Fundisho kwetu

Tunaona mambo mawili. La kwanza: mstari wa nukta-nukta tuuache uwe wa nukta-nukta. Mwanafunzi anayejaza alama ambazo hakupima, ili grafike yake ipendeze mbele ya mwalimu, anaficha pale penye nundu. La pili: kutafuta kitu na kukuta hakipo, hilo nalo ni jibu. Wale wa Gran Sasso walingoja miezi kwa matukio machache, kiisha wakaandika: haiko. Na neno lile lilifunga mlango mmoja, watu wakajua watafute kwenye mlango mwingine.

MAULIZO YA KUJIPIMA
1. Sababu gani makala hayawezi kueleza mwangaza wa Jua?
2. Uraniumu na Jua vinatofautiana namna gani katika kutoa nguvu?
3. Sababu gani walipeleka mashine chini ya mlima?
4. Kama nundu ingalionekana mwaka 1999, tungalisema nini juu ya netrino za Davis?

Majibu yaletwe kwa kapita wa kila darasa.