Kiberiti kikae mfukoni, pori limeanza kuchanua

Kipupwe kinaisha, na mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa imekwisha kutoa vishada. Pembeni mwa mashamba nako kumeanza kupendeza. Miyombo inachipua majani mekundu na kuingia kwenye maua, mkongo unachanua, na mninga, ambao huku wengi tunauita mtumbati, utajaa maua ya njano kabla ya kuvaa majani. Inasikitisha kwamba huu ndio wakati tunaopenda kuchoma moto.

Mkulima mwenzangu, shika kishada cha korosho ukitazame kwa karibu. Maua mengi humo ni ya dume tu. Yenye uwezo wa kushika korosho ni machache. Ua jipya huwa jeupe, kisha hugeuka rangi ya waridi. Chavua yake inanata, upepo hauifikishi mbali, hivyo hubebwa na nyuki, nzi na wadudu wengine. Vishada vikishakauka, nyuki hao hulishwa na pori mpaka mvua zinyeshe. Ukilichoma Agosti au Septemba, umeunguza chakula chao na mti wenye tundu wanamoishi.

Najua moto unawashwa kwa kusafisha shamba, kuwinda ndezi au kutafuta majani mapya ya mifugo. Lakini nyasi sasa zimekauka kabisa, na moto ukikushinda utaingia mpaka kwenye mikorosho yako. Palilia chini ya mikorosho kwa jembe, kisha lima ukanda mweupe kati ya shamba na pori. Nachingwea imeshafyekwa kwa matrekta mara moja, enzi za mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Pori lililobaki na lililoota upya tulitunze.

Salfa ya unga ya ubwiriunga endelea kupuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Sumu ya kuua wadudu ndiyo ya kuogopa. Ipulize jioni, nyuki wakisharudi kwao, na pale tu ulipoona mashambulizi. Mkorosho wenye sisimizi wa majimoto uache kwanza, maana hao wanawinda mbu wa mikorosho bila kukudai senti.

Mwenye mizinga aiweke kivulini, ukingoni mwa pori. Visima vya juu vinakauka, kwa hiyo weka karai la maji karibu, utie vijiti ndani ili nyuki wapate pa kutua wasizame.