Motokari ya zamani ya kuvuta kwa magurudumu manne: tuhesabu mbele ya kununua

Ninyi wakulima wa Fungurume, wa Kambove na wa kando ya Kolwezi, kila siku munaona motokari za kampani zinapita katika vumbi. Mutu aliyelipwa feza kwa sababu kampani ilikamata shamba lake anasema: «Nitanunua Land Cruiser moja ya zamani, nitapeleka mahindi yangu mimi mwenyewe.» Neno hili si baya. Lakini feza ya shamba inalipwa mara moja tu. Motokari ikikufa, shamba halitarudi.

Motokari ya namna hii, yenyi sanduku nyuma, inabeba tani moja hivi, maana yake magunia 10 ya kilo 100. Kama wewe na bibi yako munavuna magunia 40, ni safari nne. Safari nne tu kwa mwaka muzima! Siku zingine motokari inalala chini ya muembe na pine zinapasuka kwa jua. Uliza bei ya kukodi kamyo kwa safari nne, uiandike. Kando yake andika mazutu (katika njia mbaya motokari nzee inakunywa litri 15 hivi kwa kilometri 100, na wakati wa potopoto inapita hapo), mafuta ya mashini, pine, fundi, barua za serikali. Kama hesabu hii ya pili ni kubwa, kodi kamyo, feza ibaki kwa mbegu na mbolea. Wakulima 6 ao 8 wakiungana, hesabu inageuka. Lakini wachague mbele ni nani atashika funguo na ni nani atashika feza ya mazutu. Ugomvi wa ndugu unaua motokari upesi kuliko mashimo ya njia.

Kama hesabu imekubali, fika kwa muuzaji asubui sana, bila kumwambia saa. Weka mukono juu ya mashini. Ikiwa na moto, aliiwasha mbele ili ubaya wake usionekane. Aiwashe ikiwa baridi, wewe ukitazama moshi. Moshi wa buluu: mashini inakula mafuta yake. Mweusi mwingi: filtri imeziba ao mazutu haiungui vizuri. Mweupe usioisha: pengine maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona kitu kama kahawa ya maziwa, maji na mafuta yamechanganyika. Rudi nyumbani.

Kisha lala chini ya motokari. Rangi mpya inadanganya macho. Gonga vyuma viwili virefu vya shasi kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinajibu kama kibuyu. Hasa ile iliyofanya kazi ndani ya mashimo ya shaba, katika maji machafu, uigonge pahali pote.

Ijaribu ndani ya potopoto, si katika lami. Katika lami kavu, magurudumu manne yakifungwa pamoja, vyuma vya ndani vinaumizana. Motokari nyingi za zamani zina kifungo katikati ya kila gurudumu la mbele. Kigeuze kwa mukono, na mwenzako atazame kama magurudumu yale yanavuta kweli. Wengine wametoa chuma cha kuyazungusha, wanauza magurudumu mawili kwa bei ya manne.

Tazama usukani pia. Motokari zilizotoka Japani zina usukani mukono wa kuume, na katika Kongo tunapita kuume: ukitaka kupita kamyo ya shaba katika njia ya Likasi, hauoni kinachokuja.

Mwisho, soma namba iliyochapwa katika shasi, uifananishe na ile ya barua, tarakimu moja moja, pamoja na mutu mwenyi kujua kusoma. Tarakimu moja ikipotea, usitoe hata franka moja.