Somo la Kikundi: Reli Iliyokufa na Njia Yetu ya Miguu



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni maendeleo, yaani njia ya kupita kwa miguu na kwa baiskeli. Tukiandika miradi yetu tunataja maji, mbuzi wa maziwa, kuku na mkopo wa mzunguko. Njia ya miguu hatuitaji, maana iko tu, na hakuna anayeilipia.

Lakini sikilizeni yaliyotupata. Hapa Kiwanjani kulikuwa na njia ambayo kina mama waliipita miaka mingi wakienda sokoni mjini. Haikuwa kwenye ramani yoyote. Asubuhi moja tulikuta nguzo na seng'enge. Mwenye ploti hakufanya ubaya, alizungushia ua mahali aliponunua. Tangu siku hiyo kina mama wenye mizigo kichwani, pamoja na watoto wa shule, wanazunguka mpaka lami na kutembea kando ya malori. Kikundi kimoja kikaja kutuuliza, "Sasa tufanye nini?"

Ili kujibu, tuliona ni vizuri tujifunze kwa watu wa nchi nyingine waliopata njia zao mahali ambapo hatukutegemea: kwenye reli zilizoachwa.

KWA NINI RELI?

Treni ni nzito, na magurudumu yake ni ya chuma yanayokanyaga chuma. Haiwezi kupanda mlima kama gari. Kwa hiyo wajenzi wa reli hutafuta mteremko mdogo sana. Mara nyingi, katika mita 100 za kwenda mbele, reli haipandi zaidi ya mita 2. Penye bonde hujaza udongo wawe na tuta, penye kilima hukata au hutoboa, na penye mto hujenga daraja.

Sasa treni ikiacha kupita na vyuma viking'olewa, kinachobaki ni nini? Ni ukanda wa ardhi uliosawazishwa, wenye madaraja, unaotoka mji mmoja mpaka mwingine bila kukatika. Mzee anaweza kuutembea bila kuhema. Mtu mwenye baiskeli iliyobeba mtungi wa maji wa lita 20 hana haja ya kushuka na kusukuma. Hata mlemavu wa kiti cha magurudumu anapita.

Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, reli iliyoachwa kati ya Elroy na Sparta ilifanywa njia ya miguu na baiskeli tangu mwaka 1967. Ina urefu wa kilomita 51 hivi na inapita ndani ya mahandaki matatu ya reli. Handaki moja lina urefu wa zaidi ya kilomita 1, na ndani ni giza tupu. Wenye baiskeli hushuka, huwasha tochi na kusukuma. Vijiji vya njiani huuza chakula na malazi kwa wageni hao.

WAKULIMA WA AYALANDI

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Ayalandi. Kulikuwa na reli kutoka Westport kwenda Achill, sehemu ya magharibi yenye mashamba madogo na watu wengi waliohama kutafuta kazi. Ilianza katika miaka ya 1890 na ikafungwa mwaka 1937. Baadaye vipande vya ile njia vikawa mikononi mwa wakulima. Huyu alichunga kondoo hapo, yule akaweka ua. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 70.

Watu walipotaka kuifungua upya, hawakuanza kwa kesi wala kwa kunyang'anyana. Walikwenda kwa mwenye shamba mmoja mmoja wakamwomba ruhusa watu wapite. Shamba likabaki kuwa lake. Ua ulitengenezwa vizuri ili mifugo isitoroke na wapitaji wasiingie shambani. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2010, na yote, kilomita 42, ikakamilika mwaka 2011. Leo wageni na wenyeji huipita kwa miguu na kwa baiskeli, na wenyeji wamefungua biashara za kukodisha baiskeli na za chai.

Angalieni jambo hili: iliwabidi waongee na wenye mashamba wengi kwa sababu ukanda ulikuwa umeshakatwakatwa. Kama ungehifadhiwa mzima tangu 1937, kazi ingekuwa nyepesi zaidi.

NA KWETU AFRIKA MASHARIKI?

Zanzibar ilikuwa na reli ndogo kutoka mjini mpaka Bububu, maili 7 hivi, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mnamo 1905. Ilipokufa katika miaka ya 1920, vyuma viling'olewa, na sehemu kubwa ya njia yake ikamezwa na barabara ya magari na majengo. Mwenda kwa miguu hakuachiwa chake.

Huko Sigi, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, Wajerumani walijenga reli ya kutoa mbao msituni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli haipo tena. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ilitengenezwa upya, ikawa kituo cha kupokea wageni wanaokuja kutembea katika Hifadhi ya Amani. Hapo tunaona kwamba hata jengo la zamani laweza kuleta mapato likitunzwa.

Sisi wa Isiolo hatujapata kuwa na reli. Stesheni iliyo karibu ni Nanyuki, na hapo kuna onyo. Treni ilikaa miaka mingi bila kufika Nanyuki. Watu wakaizoea ile reli kama njia ya miguu, wengine wakaweka vibanda na mashamba juu yake. Mwaka 2020 reli ikatengenezwa, treni ikarudi. Kwa hiyo tusidanganyane: reli iliyolala si reli iliyokufa. Ardhi ya reli ina mwenyewe. Msitembee wala kujenga juu yake mpaka ijulikane kwa maandishi kwamba imefungwa na imetolewa kwa matumizi mengine.

Pia tunajua habari ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012. Mpango wake una reli ya kupita Isiolo, ingawa haijajengwa. Reli au barabara kubwa ikija, inaweza kutukata na soko, shule na malisho, kama hatutasema mapema wapi watu na mifugo watavukia.

HATUA ZA KUFUATA

Fundisho kubwa la habari zote hizi ni moja: njia ina faida ikiwa nzima, na ni rahisi kuilinda kabla haijakatwa kuliko kuirudisha baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikundi kinaweza kuanza hivi:

1. Choreni ramani chini. Tumieni majivu kwa njia, mawe kwa nyumba, maharagwe kwa mahali pa hatari. Kina mama wachore peke yao kwanza, vijana peke yao, kisha mlinganishe. Mtashangaa, maana njia za kina mama na za wanaume si zile zile.

2. Itembeeni njia yote pamoja, kwa miguu na kwa baiskeli. Andikeni penye seng'enge, penye laga inayojaa maji wakati wa mvua, penye kuvuka lami. Pimeni upana kwa kamba: je, baiskeli mbili zenye mizigo zinapishana?

3. Waendeeni wenye ploti kwa heshima, nyumba kwa nyumba, mkiwa na mzee wa mtaa. Msiende kundi kubwa kama watu wa fujo. Ombeni kipande cha pembeni, na ninyi mjitolee kusaidia kutengeneza ua.

4. Mkikubaliana, andikeni. Mwenye ploti atie sahihi, mashahidi pia, na chifu apewe nakala. Neno la mdomo hufa na aliyelisema, na ploti huuzwa.

5. Pelekeni ramani yenu kwa idara ya ardhi na mipango ya kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inawapa wananchi nafasi ya kuona rasimu ya mpango na kutoa maoni kabla haujapitishwa. Kwa Katiba, Kifungu 62, barabara na njia zilizowekwa kisheria ni ardhi ya umma. Njia yetu ya mazoea haimo humo mpaka iandikwe. Mkisikia mkutano wa maoni umeitwa, msikae nyumbani.

Kile kikundi kilichotuuliza kimefika hatua ya tatu. Mwenye ploti aliwakaribisha chai, akasema hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba hapo palikuwa na njia. Alidhani ni mbuzi tu walipita. Bado hajatoa jibu, lakini amekubali kukutana nao tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni njia gani mliyoitumia miaka 10 iliyopita ambayo leo imefungwa? Nani aliumia zaidi?
2. Ni njia gani bado iko wazi lakini mnaona itafungwa karibuni?
3. Nani katika kikundi ana ploti inayopakana na njia hiyo? Yuko tayari kuanza yeye kutoa kipande?
4. Watoto wetu wanavukia wapi lami? Nani atakwenda kuona kwa macho yake Jumatatu asubuhi?

Mwandike majibu kwenye daftari la kikundi, kisha mchague watu watatu wa kufuatilia. Mkutano ujao waanze wao kutoa taarifa kabla ya kuhesabu michango.